Majina ya Daftari la 1924

Haya yalimpata rafiki yangu Velma, mtunza nyaraka wa maktaba yetu hapa Alabama. Alasiri moja alikuwa peke yake katika chumba cha chini, akisoma mbele ya kinasa sauti daftari la wanachama wa Klan, wale wazungu waliowanyonga babu zetu.

“Dada, achana na hao washenzi, kambare wa kukaanga wanapoa!” mwenzake Thurman alimwita kutoka juu.

“Yamebaki majina mawili tu!”

Alipomaliza, balbu ikaungua. Akairudisha kanda nyuma, akaisikiliza gizani ahakikishe imenasa. Kila baada ya jina, mwanamume aliitika taratibu, “Nipo.” Kila mmoja kwa sauti yake.

Baada ya jina la mwisho, mmoja akawauliza wenzake, “Huyu binti anayetuita ni wa nani?”