Ujumbe Haukuondoka

Rosine anaishi Kalemie na baba yake, Papa Floribert, fundi wa reli. Asubuhi Papa hunywa chai na kwenda stesheni. Rosine hufagia uwanja, kisha hukaa barazani na kompyuta yake. Alisoma kazi ya kompyuta chuoni, na watu wa mjini humpa kazi ya kuwatengenezea programu.

Parokia yao ina kundi la watu wanaotoa damu. Papa Floribert ndiye mkubwa wa kundi. Rosine alilitengenezea programu. Hospitali ikikosa damu, muganga, yaani daktari, humpigia Rosine simu. Rosine huandika aina ya damu inayotakiwa. Programu hupitia majina yote, huchagua wenye damu ile, kisha huwatumia ujumbe kwenye simu zao.

Mwanzoni kundi lilikuwa dogo, na programu ilifanya kazi vizuri. Baadaye parokia nyingine zikaingia. Majina yakaongezeka sana. Hakuna aliyefikiri kuijaribu tena.

Siku moja, saa sita mchana, muganga alipiga simu.

"Rosine, tuko na mutoto wa malaria. Damu imemuishia. Tunatafuta O, mbio."

"Mutoto wa nani?"

"Ephraïm, wa Mama Générose."

Mama Générose ni jirani yao, anauza samaki sokoni. Mume wake alikuwa amesafiri Kabalo. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba atolewe damu, lakini yake ni A, na ya mtoto ni O. Hazikupatana.

Rosine aliandika O, akabonyeza. Maneno mekundu yakatokea, na programu ikasimama. Alibonyeza tena. Ikasimama tena.

Alimpigia baba yake. Papa Floribert aliacha kazi, akaanza kupigia watu aliowakumbuka. Wengine hawakupokea simu. Wengine walikuwa mbali, shambani. Mwishowe wawili walipatikana wakaenda hospitali kwa pikipiki. Walipofika, Ephraïm alikuwa amefariki.

Walimzika kesho yake. Rosine alikaa kilioni na wanawake wengine, lakini hakuweza kumtazama Mama Générose. Nyumbani hakula.

"Muganga alisema mutoto alifika amechelewa," Papa Floribert alimwambia. "Pengine hata damu haingemuokoa."

"Pengine, Papa. Lakini ujumbe haukuondoka."

Papa alimsogezea sahani ya chakula. Kisha akasema, "Basi tafuta juu ya nini haukuondoka. Usikae tu na huzuni. Uko na mwalimu wako, nenda umuulize."

Rosine alichukua kompyuta, akaenda kwa mwalimu Cédrick, aliyemfundisha chuoni. Mwalimu alisoma programu polepole mpaka mwisho.

"Ulipoitengeneza, uliijaribu na majina mangapi?"

"Machache. Ya wanakwaya tu."

"Na sasa kundi liko na watu wangapi?"

"Wamepita elfu."

Mwalimu Cédrick aliweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa kazi, kipande hiki cha programu, inasoma jina la kwanza. Kabla ya kumaliza, inajiita yenyewe isome jina la pili. Ile ya kwanza inaenda wapi?"

"Haiendi. Inangoja ya pili ilete jibu."

"Na ya pili?"

"Inangoja ya tatu."

"Basi ni kama muntu mumoja anatuma mwingine, na huyu anatuma mwingine, na wote wanabaki wamesimama uwanjani wanangoja. Kila mumoja anakula nafasi katika mashine. Wakiwa wachache, hauoni shida. Wakipita mpaka uliowekwa, mashine inasimamisha kila kitu. Ndiyo ile ulisoma chuoni, récursion, kazi inayojiita."

"Niliichagua juu ilikuwa na mistari michache," Rosine alisema. "Niliiona nzuri."

"Ni nzuri, kwa kazi yake. Lakini hapa majina yamefuatana tu, moja nyuma ya lingine. Hapa unatumia mzunguko, boucle. Mzunguko ni muntu mumoja. Anasoma jina. Kama damu inafaa, anaiweka namba ya simu pembeni. Analiacha jina lile, anaenda kwa lingine. Hata majina yakiwa mengi namna gani, hakuna anayebaki nyuma akingoja."

Rosine alifikiri. "Basi niondoe kujiita kila mahali? Kuna sehemu nyingine. Mugonjwa akiwa na damu ya shida kupatikana, programu inatafuta ndugu zake. Inaanza na babu, inashuka kwa watoto, kisha kwa watoto wa watoto."

"Ile iache," mwalimu alisema. "Ukoo una matawi. Ukishuka tawi moja, lazima urudi pale ulipoacha, ushuke lingine. Kazi inayojiita inakumbuka mahali pa kurudi. Na hakuna ukoo ulioandikwa vizazi elfu. Angalia tu iko na mwisho: ikifika kwa muntu asiye na mutoto, irudi, isijiite tena."

Rosine alitengeneza mzunguko palepale. Mwalimu akamzuia asifunge kompyuta.

"Sasa ijaribu. Si na wanakwaya. Tunga majina mengi kuliko watu wote wa kundi."

Alitunga maelfu ya majina ya uongo. Programu iliyapitia yote, ikamaliza.

Kutoka pale Rosine alienda kwa Mama Générose. Alimkuta amekaa mlangoni.

"Mama, siku ile ya Ephraïm, hospitali iliniita. Programu yangu ilisimama. Watu hawakupata ujumbe. Nilikuwa sijaijaribu na majina mengi."

Mama Générose aliinua uso. "Juu ya nini unaniambia?"

"Ni haki yako kujua, Mama. Naomba unisamehe."

"Sasa imepona?"

"Imepona. Nitaijaribu kila mara kundi likiongezeka."

Mama Générose alisimama, akashika mlango. "Sina neno la kukupa leo," alisema. "Lakini andika jina langu. Damu yangu ni A."

Majira ya mvua yalipoanza, malaria iliongezeka. Muganga alimpigia Rosine simu: msichana mdogo alihitaji damu ya A. Rosine aliandika A, akabonyeza. Maneno mekundu hayakutokea.

Sokoni, Mama Générose alisikia simu yake. Alisoma ujumbe polepole, akafunika samaki kwa kitambaa, akamwomba mwenzake amuangalilie meza. Alipanda pikipiki.

Hospitalini alikuta watu watatu wamekwisha kufika, na wengine walikuwa wanaingia. Muganga alimpima, akamlaza kitandani. Ng'ambo ya ukuta mwembamba mtoto alikuwa analia. Mama Générose alimsikiliza, akanyoosha mkono wake.