Mchumba Chini ya Meza ya Futari

"Hajrudin, toka chini ya meza," Almasa alinong'ona. "Watu wanafuturu."

"Natoka," sauti ilijibu kutoka chini ya kitambaa. "Nipe dakika moja tu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufuturu nyumbani kwa akina Almasa, huko Vratnik, juu kabisa ya Sarajevo, jirani na ngome inakopigwa mzinga wa Ramadhani. Mji mzima huungoja mzinga ule kwa hamu: watoto roshanini, supu mezani, tende mkononi. Ulipolia, ami Vahid alisema bismillahi akang'ata tende yake. Hajrudin, aliyekuja na koti jipya ili apeleke posa, alitoweka. Kijiko chake kilikuwa bado kinazunguka sakafuni.

Ami Vahid, ndugu wa marehemu baba yake Almasa, alikuwa mtu asiyekubali jambo lolote limtenge na supu. Aliinua kitambaa, akachungulia, akauliza kama chumvi iko huko chini.

Mama Zumreta alipanda ngazi kutoka stoo ya chini, kakumbatia chupa ya matunda ya kuchemsha, akamkuta mkwe mtarajiwa anajipangusa magoti.

"Kaangusha nini?" aliuliza.

"Kijiko, mama," Almasa alidanganya.

"Kijiko ndicho kimtoe jasho hivyo?"

Ukitaka kumdanganya Mama Zumreta, mdanganye kwa lolote ila hofu. Vratnik nzima ilimjua kwa kazi ya kuwatoa watu hofu. Mtoto akilia usingizini, bibi harusi akikosa hamu ya kula, watu waliwapeleka kwake. Huyeyusha kipande cha risasi kwenye upawa, humfunika mgonjwa shuka, kisha huimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa chake huku akisoma dua. Risasi ikiganda laini, mgonjwa huenda zake. Ikiota miba, ana hofu kubwa.

Kabla supu haijapoa Hajrudin alikuwa kwenye kigoda, kafunikwa shuka ya maua. Alikuwa mfua shaba wa mjini, mwenye mikono mipana na adabu nyingi, na hakujua namna ya kumkatalia mama wa mchumba. Risasi ilipogusa maji ililia pwaa, kama inavyolia siku zote. Hajrudin aliruka na shuka yake, akaingia kabatini kichwa kichwa, na maji ya bakuli yakamwagika yote kwenye supu ya ami Vahid.

"Sasa imezidi maji," ami alisema kwa huzuni.

Mama Zumreta aliigeuza ile risasi mwangani. Ilikuwa na miba kila upande.

"Sijapata kuona kitu kama hiki. Utarudi mara tatu."

"Mama, nakushukuru," Hajrudin alisema, akijifungua shuka. "Lakini risasi ndiyo iliyonifikisha hapa. Na nina daktari tayari."

"Daktari wa nini?"

"Wa kichwa. Ni ugonjwa wa baada ya vita. Nakwenda kila Jumatano."

 Mama Zumreta aliingia jikoni, akarudi na kahawa. Kwao kuna kahawa ya kukaribisha na kuna kahawa ya kuagia, na mgeni akiletewa hiyo ya pili anajua pa kutafuta viatu vyake. Hajrudin aliletewa ya kuagia na mkate ulikuwa haujakatwa. Aliinywa yote, akaunguza ulimi, akaaga vizuri.

"Binti yangu simpi mtu wa daktari wa vichaa," mama alisema mlango ulipofungwa. "Nilikulea kwenye mabomu ukatoka mzima. Nikutie mwenyewe kwa mwendawazimu?"

Usiku ule simu ya Almasa ilitetemeka: ujumbe wa Hajrudin.

"Mama yako ana haki. Tafuta mwanamume anayekaa kwenye kiti."

Almasa aliandika akafuta, akaandika tena.

"Mimi sitafuti kiti. Kesho nakuja karakana."

Alimkuta anagonga dele la kahawa kwa nyundo, makelele mpaka barabarani. Almasa alikuwa amekasirika kwa kufichwa, na hasira ilitoka kabla ya salamu.

"Unagonga shaba kutwa nzima masikio hayakuumi. Mzinga mmoja tu, chini ya meza. Unanichezea?"

"Nyundo iko mkononi mwangu, Almasa. Najua italia lini."

Aliiweka chini. Alimwambia kwamba siku moja, vitani, alikuwa anakula na rafiki yake Enver. Kopo moja la maharage, vijiko viwili. Enver alimwambia angoje kidogo, maharage ni ya moto. Wakangoja, vijiko mkononi, na bomu likaangukia upande wa Enver.

"Ndiyo maana futari inanishinda," alisema. "Watu wote kimya, kijiko mkononi, wanangoja mlio. Tangu Ramadhani ianze nilikuwa nakwepa kwenu nikisingizia kazi. Nakupenda mpaka naona aibu, ndipo nikaja. Ukaona mwenyewe."

Almasa alilia kidogo, kisha akamfuta masizi usoni kwa leso yake, akasema Jumatano wanakwenda wote.

Daktari Vesna alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa na kamba. Almasa alimuuliza bila kuzunguka kama mchumba wake ni kichaa.

"Hapana. Wala si mwoga. Mwili wake una mlinzi aliyewahi kumwokoa, na mlinzi huyo hajaamini kwamba vita vimekwisha. Kila akikimbia mlio, mlinzi anasema: umeona, nilikuwa sahihi."

"Anapona?"

"Wengi hupata nafuu kubwa. Dawa zipo za kumsaidia. Lakini kazi kubwa ni kulisimulia lile jambo mpaka lipungue makali, na kukisogelea anachokikimbia, kidogo kidogo, kwa hiari yake."

"Ananitaka nisimulie kisa kilekile kila wiki," Hajrudin alilalamika. "Mimi mwenyewe kimeanza kunichosha."

"Vizuri," alisema daktari.

"Na mimi nifanye nini?" Almasa aliuliza.

"Akiwa chini ya meza usimvute miguu. Na usiwaambie watu ameangusha kijiko."

Basi wakaanza. Jioni ya kwanza waliusikia mzinga kutoka ng'ambo ya mji, ukiwa mnyonge. Jioni zilizofuata wakasogea, mtaa kwa mtaa. Hajrudin alitokwa na jasho, akakasirika, siku moja akagoma katikati ya daraja, kesho yake akarudi. Akaenda ngomeni mchana, mpiga mzinga akamwonyesha fataki inayotoa ule mlio na utambi wake. Almasa naye, kwa kuwa mapenzi humfanya mtu kiherehere, aliurekodi mlio kwenye simu yake ili mchumba auzoee kwa sauti ndogo. Kosa lake ni kwamba aliuweka kuwa mlio wa simu akasahau.

Almasa alikuwa karani wa posta. Asubuhi moja, foleni ikiwa imefika mlangoni, ami Vahid alipiga kuuliza kama kuna futari kwao leo.

Mzinga ulilia ndani ya posta. Nusu ya foleni ililala sakafuni. Mwalimu mstaafu alijificha nyuma ya mizani, na mkuu wa posta, mtu wa tai na kitambi cha heshima, alipatikana chini ya dawati lake mwenyewe. Wakainuka mmoja mmoja, kila mtu akidai alikuwa anaokota kitu.

Almasa hakucheka. Alikumbuka kwamba kila Ramadhani, dakika ileile kabla ya mzinga, mama yake hukumbuka matunda ya kuchemsha yaliyoko stoo.

Jioni ile alimfuata. Mama Zumreta alikuwa kakaa juu ya kreti la viazi, kajiziba masikio, macho kayafumba. Chupa ilikuwa tayari miguuni pake. Mzinga ulilia huko juu, naye akajikunja.

"Mama, tangu lini?"

Mama Zumreta alishtuka, akaichukua chupa upesi.

"Natafuta tufaha."

"Mama."

"Tangu tulipohamia humu na baba yako tukawa tunahesabu mabomu." "Mimi ndiye ninayewatolea watu hofu, Almasa. Wakijua nitamwagia nani risasi?"

"Sasa Hajrudin ana kosa gani?"

Mama alipanda ngazi na chupa yake. Lakini Jumatano alivaa koti la kwendea harusini, akatangaza kwamba anakwenda kumkagua yule daktari, asije akawa tapeli. Aliingia kichwa juu, na upawa ndani ya mkoba, kwa ajili ya kulinganisha kazi. Alitoka baada ya muda mrefu, macho mekundu, akamwambia Almasa kwamba mwanamke yule anaijua kazi, ingawa hana dua hata moja.

"Amesemaje?"

"Mambo ya wagonjwa hayatangazwi," alijibu mama kwa ukali.

Jioni ya mwisho ya Ramadhani watu walijaa ngomeni. Almasa alishika mfuko wa tende. Hajrudin alisimama kando yake, mweupe kama unga. Mama Zumreta alisema yeye kaja kupunga upepo tu, watu wasimfikirie vingine. Minara ya misikiti ya chini iliwaka taa. Mpiga mzinga akawasha utambi.

Mlio ulipasua anga. Watoto walishangilia. Hajrudin aliganda, akashika jiwe la ukuta, akataja kwa sauti anavyoviona, kama alivyofundishwa.

"Ukuta. Viatu vyangu. Taa. Almasa."

Alivuta pumzi, akavuta nyingine. Hakukimbia. Alikaa tu chini polepole. Alipogeuka alimkuta mtu kesha kuwahi kuchutama pale, mtandio kauvuta mpaka masikioni.

"Na wewe, mama?" aliuliza.

"Na mimi. Wewe leo umekawia kukaa. Nimekuona."

"Nimejitahidi."

"Umejitahidi." Alikohoa. "Ile posa yako bado ipo?"

"Ipo. Lakini ulinipa kahawa ya kuagia."

"Nilikupa kwa sababu nilikujua, mwanangu. Nilipoliona jasho lako nilijiona mimi, nikaona aibu, nikakufukuza wewe badala ya kujifukuza mimi. Nisamehe. Muoe. Angalau nyumba itakuwa na mtu wa kunielewa." Akamwekea kidole kifuani. "Ila Jumatano mimi ndiye ninayetangulia kwa daktari. Wewe utangoja nje."

"Ndiyo, mama."

Almasa alikuwa amesimama juu yao, analia na kucheka kwa pamoja, watu wakimpita na kumtazama. Akachutama katikati ya wale wawili, akafungua mfuko. Wakafuturu pale pale chini, migongo ukutani, bila haraka ya kuinuka.