Karafuu za Mpiga Tarumbeta

Mpiga tarumbeta alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kwenda kupiga na bendi, alitwanga karafuu akazipaka kwenye fizi za mbele. Zilimchonyota kidogo, kisha maumivu yakatulia.

"Dawa hii hapa!" alijisifu kwa mkewe. "Hospitali ya nini?"

Kumbe fizi zilizidi kuvimba na kutoa damu. Meno mawili ya juu yakaanza kucheza. Siku moja, katikati ya wimbo, meno yakasogea na tarumbeta ikakoroma. Watu wakaangua kicheko. Maskini, alirudi nyumbani.

Tangu hapo hakupuliza tena. Aliifuta tarumbeta, akaiweka mdomoni, akaitoa. Bendi ikifanya mazoezi mtaa wa pili, alifungua dirisha na vidole vyake vikabonyeza hewa. Alitamani kupiga, jamani! Alitamani mpaka chakula kikawa hakipiti kooni.

"Baba watoto, utakonda bure," mkewe alisema. "Twende kwa jirani akakuone."

Jirani yao alikuwa tabibu wa meno. Alimkalisha kwenye kiti cha kliniki, akamchungulia kinywani, akapiga picha ya taya, huku mkewe akimsimulia habari za karafuu.

"Mzee wangu, nani kakuambia uweke karafuu?"

"Mwenyewe. Si zinatoka kwenye mti? Miti ina dawa."

"Zilituliza maumivu tu. Ugonjwa uliendelea chini kwa chini, na wewe huna habari. Tazama hapa. Mfupa umeliwa."

"Umeliwa na nini?"

"Ukoga, ule utando wa meno, umegandama chini ya fizi. Vijidudu vyake vinaleta uvimbe. Uvimbe ukikaa muda mrefu, unamaliza mfupa unaoshika meno."

Mkewe akadakia, "Nasikia manjano na majani ya chai yanalinda mifupa."

"Si uongo mtupu, shemeji. Watafiti wanachunguza vitu vilivyomo ndani ya mimea hiyo. Kwenye maabara, baadhi vimepunguza uvimbe na kuukinga mfupa. Lakini bado wanapima vinavyofaa kwa watu, na kwa kiasi gani. Na hakuna jani linalobandua ukoga uliogandama. Kwanza tusafishe."

"Mfupa wangu utarudi?"

"Uliokwenda usiutegemee, mzee wangu. Tuulinde uliobaki."

Machozi yakamlengalenga. Laiti angekuja mapema! Lakini alifungua mdomo, akasafishwa chini ya fizi.

Nyumbani alipiga mswaki asubuhi na usiku, taratibu, na kusafisha katikati ya meno. Sigara, ambazo tabibu alisema zinaharibu fizi, aliziacha kwa shingo upande. Kila alipoitwa kliniki, alikwenda. Damu ikakoma. Meno yakapunguza kucheza, na tabibu akamruhusu kujaribu kupuliza polepole.

Alijaribu jikoni, mkewe akiosha vyombo. Sauti za chini zilitoka safi. Akaitafuta ile ya juu iliyompa jina mjini. Wapi! Akaitafuta tena, haikuja. Ilimuuma sana. Basi akashuka chini, akaupiga wimbo wote kwa sauti nzito, mpaka mwisho.

Mkewe aligeuka, povu likimchuruzika mikononi.

"Nilikukumbuka sana," alisema.

"Mbona nilikuwa humu humu ndani?"

"Ulikuwepo, ndiyo. Haya, piga tena."