Faili la Mia Mbili na Kumi na Nane

Mashine ilisema mafaili mia mbili na kumi na nane yamenakiliwa. Edvina akajua kuna kosa, kwa sababu yalikuwa mia mbili na kumi na saba.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua ya Novemba ikipiga bati la nyumba yake pale Kitendaguro. Alikuwa amechoka. Wiki nzima alisimama darasani akifundisha Kiswahili, jioni akasomewa insha za wanafunzi moja baada ya nyingine, na sasa mabega yalimuuma kama ya mtu aliyebeba mikungu ya ndizi. Alivua hedifoni, akajisugua masikio, akazivaa tena, akahesabu upya. Surua ilimnyang'anya macho akiwa na miaka mitano, na tangu ajifunze kompyuta chuoni hakuwahi kugusa kipanya. Aliongozwa na vidole, na ile sauti kavu ya programu inayomsomea skrini. Alishuka kwa mshale faili baada ya faili. Kwenye kompyuta yalikuwa mia mbili na kumi na saba. Kwenye diski, moja zaidi.

Mafaili yale yalikuwa sauti ya mumewe. Selestine alikuwa fundi wa injini za mitumbwi katika visiwa vya Muleba, leo Bumbire, kesho Goziba, na kwa kuwa mkewe haoni, barua zake alizisema kwenye simu na kumtumia. Zilikuwa barua za miaka kumi na moja. Nyingi zisingekuwa na maana kwa mtu mwingine: injini iliyogoma, mbu, mvuvi aliyempa sangara akakosa wa kumpikia. Nyingi zilianza na swali lile lile, "Edvina, umekula?" Miaka miwili iliyopita mtumbwi uliokuwa ukimrudisha nyumbani ulizama. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye ziwa halikumrudisha.

Tangu hapo Edvina alikuwa akiinakili sauti hiyo kila Jumamosi, maana kompyuta ilikuwa imezeeka na kitu kilicho mahali pamoja tu ni kama kimeshapotea. Alikuwa na diski mbili za nje. Ya kwanza aliifunga uzi wenye fundo moja, hiyo ikakaa kabatini kwake. Ya pili aliifunga uzi wenye mafundo mawili. Hiyo ilikuwa iende Kamachumu kwa Rosalina, dada mkubwa wa Selestine, ili nyumba moja ikiungua au ikiibiwa nyingine ibaki. Ndiyo aliyokuwa anaijaza siku ile.

Faili la ziada halikuwa na jina. Lilikuwa na tarehe tu, ya siku hiyo hiyo. Edvina akalifungua. Akasikia maji, si mawimbi, bali maji madogo yanayochezacheza chini ya mbao za mtumbwi. Kisha pumzi. Kisha Selestine akamwuliza kama amekula.

Alipaswa kuogopa, lakini uchovu hufungua milango ambayo hofu ingeifunga. Alijiambia ni barua iliyochelewa, iliyokuwa imejificha katika simu ya zamani. Akalia kidogo, kisha akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Bado sijala."

Kesho yake diski ya mafundo mawili ilikwenda Kamachumu kwa mkono wa jirani aliyekuwa na safari ya Muleba. Jumamosi iliyofuata alinakili kama kawaida kwenye ile ya fundo moja, na likaongezeka faili jingine. Maji, pumzi, na sauti ya mumewe ikisema, "Kwa nini hujala?"

Akajibu. Wiki hiyo hakungoja Jumamosi. Aligundua kwamba faili jipya huja pale tu anaponakili, basi akawa ananakili kila siku akitoka shuleni, hata kabla ya kuvua viatu. Alimwambia Selestine habari za darasani, za bati linalovuja, za upweke wake, na kila siku faili lilikuja na majibu. Nyumba ikaanza kunuka petroli na tope la ziwani na magamba ya samaki. Aliipokea harufu hiyo kama mtu anayepokea shati la marehemu. Akakonda. Vidole vikawa baridi hata mbele ya jiko. Wanafunzi walimsubiri amalizie sentensi, naye alikuwa amekwisha kuisahau.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, alitamani kusikia barua ya kwanza kabisa. Aliijua kwa moyo: katikati yake jogoo aliwika, na Selestine akaacha habari zake akamkaripia yule jogoo. Edvina akaifungua. Maji. Pumzi. "Umekula?" Hapakuwa na jogoo. Akafungua ya pili, akafungua ya kumi, akafungua ya themanini ambayo ilikuwa na kicheko kirefu cha wavuvi wa Goziba, akaenda mbele na kurudi nyuma huku vidole vikikosea vitufe, na kila alipofungua palikuwa na maji yale yale na pumzi ile ile na swali lile lile lililoulizwa bila haraka, bila uchovu wa kazi, bila mtu ndani yake, hadi akaelewa kwamba kila aliponakili kitu kile kilikuwa kinakula, na kwamba kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amekilisha barua zote za mumewe. Akafuta faili moja kati ya yale mapya. Mashine ikahesabu, ikasema yameongezeka mawili.

Akaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani. Ile sauti kavu ya programu, bila kitufe kuguswa, ikasema, "Nakili." Kisha ikasema, "Nakili tena."

Mlango ulikuwa wazi. Annastella, mwalimu mwenzake aliyepanga nyumba ya jirani, alikuja kumletea bakuli la ebitoke, ndizi za kupika. Edvina alimsikia akifika kizingitini, kisha hatua zikakoma.

"Mwalimu," Annastella alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Leo umepata mgeni?"

"Hapana."

"Basi usinyanyuke kwanza. Sakafuni kuna nyayo za maji. Mtu wa miguu mitupu. Zimezunguka kiti chako, zimezunguka mara nyingi."

"Zinaelekea wapi?"

"Haziondoki."

Alimfuata pale pale alipoketi, akamshika mkono, wakatoka pamoja kwenye mvua bila kufunga mlango.

Asubuhi Annastella alimpeleka Buhembe kwa mzee mmoja Msukuma aliyeitwa Ndaki. Alikuwa nahodha visiwani kwa miaka thelathini, na sasa watu waliosumbuliwa na mambo ya majini walimwendea. Njiani Edvina alisema labda wangeanza kwa paroko. Ndaki alipoelezwa hilo hakuchukia. Alisema paroko naye aitwe, maji ya baraka hayajawahi kugombana naye. Alimsikiliza Edvina mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliuliza jambo moja tu: kama alikijibu. Edvina akakiri.

"Huyo si mumeo, mama," Ndaki alisema. "Wala hakuwahi kumjua. Ni jini wa ziwa. Alikuwepo wakati mumeo anazama, na mumeo aliita jina lako. Hilo ndilo neno pekee alilolichukua kwake. Mengine yote ameyaokota katika sanduku lako na kinywani mwako."

Alimweleza kwamba jini wa namna hiyo huingia kwa kujibiwa na hukua kwa kuongezwa. Kila nakala ifutwe, isibaki hata moja. Na atakapokuwa anaondoka ataita, na atakayemwitikia ndiye atakayebaki naye.

Walirudi Kitendaguro mchana ule. Edvina alifuta kwenye kompyuta kwa mkono wake. Mashine ilimwuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo. Ndaki aliiponda ile diski ya fundo moja kwa jembe. Edvina hakuhisi kitu, maana humo hamkuwa na Selestine tena. Alikumbuka ile nyingine alipokuwa ananawa mikono. Diski ya mafundo mawili ilijazwa siku ya kwanza, kabla ya ulaji kuanza. Kule Kamachumu barua zilikuwa bado nzima, mia mbili na kumi na saba, na jini alikuwa ndani ya faili moja tu. Akamwambia Ndaki, na alipomwambia alitumaini atajibiwa kwamba hiyo ibaki.

"Umeshajaribu kufuta moja, ukaona," Ndaki alisema. "Chawa mmoja anatosha kujaza nguo."

Wakakodi gari, wakaenda.

Rosalina alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, akiishi katikati ya kibanja cha baba yao, shamba la migomba. Alikuwa amekataa katakata ukoo usizike mgomba badala ya mwili wa mdogo wake, kama ilivyo desturi, akisema hazikwi mtu ambaye hajaonekana. Diski aliifungia kwenye sanduku, ndani ya kitenge cha mama yao. Hakuwa na kompyuta. Walipomweleza kilichowaleta aliendelea kuchambua maharage.

"Nimeilinda wiki zote hizi, wifi, sijaisikia hata mara moja," alisema. "Leo mnakuja kuivunja."

Edvina akamgeukia Ndaki, akamwomba siku mbili. Mzee alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba faili la mwisho lisiguswe na kusiongezwe nakala yoyote.

Kwa siku mbili wanawake wale walikaa sebuleni na kusikiliza. Edvina alikuwa amekuja na ile kompyuta yake iliyokwisha kufutwa na kibao chake cha kuandikia nukta nundu, na sauti ilivyokuwa ikiingia masikioni, vidole vyake vilikuwa vinatoboa karatasi. Sauti hangeweza kuibakiza, lakini maneno angeweza. Rosalina alimpa karatasi na kuzipanga. Jogoo alipowika na Selestine akamkaripia, Rosalina alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akaomba irudiwe. Edvina akairudia mara tatu. Alikuwa amechoka hata kichwa kilimzunguka, vidole vilivimba, kila barua aliyoimaliza alijua kuwa ndiyo mara ya mwisho kuisikia. Nje, chini ya paa la jikoni, Ndaki alikaa kwenye kigoda akilinda, na hakuna aliyemsikia akilala.

Siku ya pili, karibu saa sita mchana, walifika barua ya mia mbili na kumi na saba. Selestine alisema kesho anarudi, anakuja na samaki, na Edvina asipike. Ilikwisha. Mashine ikashuka yenyewe hatua moja. "Mia mbili na kumi na nane," ikasema, na ikataja tarehe ya siku ile. Chini ya meza, miguu ya Edvina ilikuwa imelowa.

Akaivuta diski kutoka kwenye waya.

Rosalina hakukubali mwingine aishike. Aliiweka juu ya jiwe uani, jua likiwaka, akachukua mchi wa kinu, akaipiga mpaka ikawa vipande. Ndaki alinyunyiza maji na kusema maneno yake polepole. Harufu ya petroli na tope ikapanda, nzito, ikajaa uani, na ndege waliokuwa migombani wakanyamaza wote mara moja.

Kisha kitu kile kikaita, kutoka ndani ya kibanja.

Haikuwa ile sauti tulivu iliyokuwa ikiuliza habari za chakula. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye maji kinywani, mtu mwenye haraka asiye na pumzi ya kutosha, ikisema "Edvina" na kukatika, ikisema tena "Edvina" kwa juu zaidi, na Edvina aliyeijua sauti hiyo kuliko mtu yeyote duniani, aliyeisikia siku mbili mfululizo kwa masikio yote mawili, alijua bila shaka hata kidogo kwamba safari hii ilikuwa ya mumewe kweli, neno lile moja lililochukuliwa kwake ziwani, na kwamba hivi ndivyo alivyomwita usiku ule akiwa peke yake majini na yeye mkewe akiwa amelala Kitendaguro, na koo lake lote likafunguka kuitika, akaisokota khanga akaijaza mdomoni akauma mpaka akahisi ladha ya damu, huku Rosalina kando yake amejiziba kinywa kwa mikono yote miwili, na ile sauti ikazunguka nyumba, ikapita karibu hata upepo wake ukawa baridi shingoni, ikaita, ikangoja, ikaita, kisha ikaanza kushuka mteremko kuelekea ziwani ikiita bado, kila mara mbali zaidi, mpaka isiweze kutofautishwa na majani ya migomba.

Ndege wakaanza tena, mmoja, kisha wengine.

Jioni ile Rosalina alikata mgomba mwenyewe. Waliuvika shati la Selestine, wakauzika kando ya kaburi la baba yao, na jirani mmoja aliongoza rozari. Walipobaki wawili tu, Rosalina aliuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, alikuwa ni yeye?"

"Alikuwa ni yeye."

"Na hukuitika."

"Sikuitika."

Rosalina alimtandikia mkeka karibu na moto, akamvua viatu, akaziweka karatasi zote za nukta nundu chini ya mto wake. Edvina alilala hadi saa sita mchana wa siku iliyofuata, na hakuna aliyemwita.