Vijiti vya Kubania Nywele

"Nusa hapa, wifi. Kwenye kola."

Wifi mtu aliweka kikombe chini, akalishika shati la kaka yake kwa ncha za vidole, akanusa. Pua ya mwanamke huyu ilikuwa na sifa zake mtaani. Angeweza kupita mlangoni kwako akakutajia ulichopika jana na ulichokiunguza juzi.

"Hii siyo manukato," alisema.

"Najua siyo manukato."

"Ni samaki mkavu. Na moshi moshi hivi."

"Sasa niambie, fundi wa lifti anapanda ghorofani na samaki?"

"Labda anakagua mizigo ya abiria."

Pindo hakucheka. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna fundi cherehani aliyejua kunyoosha pindo la gauni kama yeye. Leo gauni la mteja lilikuwa limelala kwenye mashine tangu asubuhi, na mwenye mikono alikuwa amekaa akinusa mashati.

Mambo yalianza mumewe aliporudi kutoka Japani, alikopelekwa na kampuni kujifunza mashine mpya. Lifti, kama mtaa ulivyomwita, alirudi na sanduku zima la vyakula: tambi, mwani mkavu, samaki aliyekwanguliwa kama maranda ya mbao, na kopo la miso, soya iliyochachushwa mpaka ikawa kama udongo. Jioni ileile aliingia jikoni mwenyewe, akapika supu, akamwekea mkewe bakuli kwa mikono miwili.

Pindo alionja mara moja.

"Mume wangu," alisema, "umechemsha bahari."

Ndugu waliokuja kumpokea walicheka mpaka machozi. Wifi mtu akaisambaza ile kauli mtaani kabla bakuli halijapoa. Lifti naye alicheka, akaosha sufuria, na tangu siku hiyo hakupika tena pale nyumbani. Hata vijiti vyeusi vya kulia alivyomletea, vyenye ncha nyekundu, Pindo alivitazama akasema, "Vidole ninavyo kumi, hivi vya nini?" Akavichomeka kwenye nywele kubania kifundo. Vikampendeza. Vikakaa hukohuko.

Halafu Lifti akaanza kuchelewa. Akirudi, anasema ameshiba.

"Na hii sijakuonyesha," alisema Pindo, akatoa simu. "Jana simu yake ililia yuko bafuni. Nikaipiga picha."

Wifi mtu alisoma kwa sauti: "'Njoo kesho jioni. Tambi zimeisha, leta nyingine. Jana nimelala kama mtoto.' Na jina ni nani hapa? Msusi. Msusi yupi?"

"Mpangaji wa mama yangu. Yule wa chumba cha uani."

Wifi mtu aliirudisha simu mezani kama inayounguza.

"Kila asubuhi nampelekea mama yangu chakula pale," Pindo aliendelea. "Toka alipotoka hospitali sijakosa hata siku moja. Kumbe mimi nikitoka, mume wangu anaingia. Uwanja uleule, wifi. Kwa mama yangu mzazi."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Leo jioni tunamfuata."

"Ni kaka yako."

"Ni kaka yangu, lakini undugu hauzibi pua. Mpigie kwanza."

Pindo alipiga, akaweka spika.

"Mume wangu, unarudi saa ngapi?"

"Nitachelewa kidogo. Kuna lifti imekwama, na watu wamo ndani."

"Imekwama ghorofa ya ngapi?"

Lifti alikohoa.

"Ya... tatu."

"Wape pole," alisema Pindo, akakata. Akavua utepe wa kupimia shingoni, akavaa viatu. "Leo nikimkuta mle ndani, sirudi naye. Nguo zangu utakuja kunichukulia wewe."

"Nitakuja na gari," alisema wifi mtu. Lakini safari hii hakuwa na utani usoni.

Walifika kwa mama jua likiwa bado halijazama. Pikipiki ya Lifti ilikuwa imeegeshwa uani, kofia imetundikwa kwenye usukani kama nyumbani kwake. Pindo alivuka ua moja kwa moja, akagonga mlango wa msusi kwa ngumi.

Msusi akafungua, kitana nyweleni, mdomo umejaa. Mkononi alishika kijiko. Mezani nyuma yake kulikuwa na hotpoti ya bluu iliyopasuka mpini. Pindo aliijua. Asubuhi aliijaza mwenyewe.

"Mume wangu yuko wapi?"

Msusi alimeza kwa shida. "Dada, naomba usinikasirikie. Mimi nakula tu. Mama alisema ni dhambi kutupa."

"Mama nani?"

"Mama yako. Hebu niangalie, sketi zangu zote hazifungi tena. Ni mapishi yako haya."

"Nimekuuliza mume wangu."

Msusi akanyoosha kijiko upande wa pili wa ua, kwenye jiko la mama.

Ikasikika sauti ndefu, kama ya mtu anayevuta tambi bila haya, kisha kicheko. Pindo alisimama palepale. Kicheko cha mama yake. Hakuwa amekisikia tangu kabla ya hospitali.

Alisukuma mlango. Mama alikuwa kwenye kiti, shali mabegani, bakuli ameliinua mpaka kidevuni, tambi moja inaning'inia mdomoni. Lifti alikuwa jikoni amevaa aproni ya maua ya mkwewe, mwiko mkononi. Mama aliivuta ile tambi taratibu, akaimaliza, akajifuta.

"Karibuni," alisema. "Mmekula?"

"Mama, kuna nini hapa?"

"Kuna supu."

"Mama."

Mama aliweka bakuli chini. "Kaa, mwanangu. Zile dawa ziligeuza ulimi wangu. Kitunguu kikikaangwa tu, tumbo linapanda. Na wewe kila asubuhi unafungua hotpoti umetabasamu, unanisubiri nikusifie. Ningekwambiaje?"

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Nilishindwa. Basi siku moja mkwe wangu alikuja kutengeneza bomba, ana kopo lake kwenye mkoba. Akajipikia cha mchana. Nikasema nionje. Bakuli la pili nililiomba mwenyewe. Nikamwapisha asiseme."

"Na ile meseji?"

"Yangu. Simu yangu ilizama kwenye ndoo, naazima ya msusi."

"Mama, 'nimelala kama mtoto'?"

"Sasa nilale kama nani?"

Wifi mtu aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Pindo alikaa kwenye kigoda. Akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Nilikuja kukuacha," alimwambia mumewe.

"Nimeona ulivyopiga ule mlango."

"Kwa nini hukuniambia, hata kwa kuvunja kiapo?"

Lifti alipunguza moto. "Kule Japani nilifikia kuugua. Chakula hakipiti. Kulikuwa na kiduka kando ya stesheni, viti vimepangwa mbele ya jiko, na bibi mmoja anapika. Hajui lugha yangu, sijui yake. Akaniwekea hii, akanionyesha nivute kwa sauti, ipoe, na yeye ajue nimefurahi. Nikapona nayo. Nikawa naenda kila jioni, na kila nikikaa, kiti cha pembeni hakina mtu. Nikasema hicho ni cha mke wangu. Ndipo nikanunua vijiti pea mbili." Alitazama mwiko. "Halafu nikafika nyumbani, nikachemsha bahari."

Mkono wa Pindo ulipanda kichwani wenyewe.

"Viko hapo hapo, kaka," alisema wifi mtu. "Vimetembezwa mtaa mzima."

"Nisamehe," alisema Pindo. "Ulinipa kiti, mimi nikakifanyia utani."

Akavichomoa. Nywele zikamwangukia mabegani. Alikwenda kwenye bomba, akaviosha kwa sabuni, akavikausha kwa upindo wa gauni, akarudi mezani. Lifti alimwekea bakuli, kwa mikono miwili kama siku ile. Tambi ya kwanza ilimteleza, ya pili ikaruka.

"Vuta," alisema mama. "Usione haya. Mimi nimemvutia mkwe wangu, sembuse wewe mumeo?"

Pindo aliinamisha uso, akavuta kwa sauti iliyomtoa msusi chumbani kuja kuchungulia. Akalamba midomo. Akavuta tena.

"Na mimi niwekeeni," alisema wifi mtu. "Nilitangaza bahari. Kesho nitawaambiaje watu?"

"Waambie maji yamekupwa," alisema mama.

Pindo alikuwa ameegemea bega la mumewe, bakuli mikononi, mvuke usoni.

"Hivi," alimuuliza, "wale waliokwama ghorofa ya tatu?"

Lifti alimsogezea nywele nyuma ya sikio zisiingie kwenye supu.

"Wametoka," alisema. "Salama."