Ngata Isiyo na Kichwa

Jua lilikuwa linazama Rukiah alipofika mtaa wa Kabalagala kuchukua begi lake kwa Sylvanus, fundi kutoka Busia.

"Zipu mpya hiyo, dada. Hata jini hapenyi! Sasa huko Kasese kuna msiba?"

"Hamna."

"Basi harusi."

"Nakwenda kuona theluji ya Rwenzori."

"Theluji tu? Si ungefungua friji!"

Rukiah alicheka. Nyumbani hakuna aliyecheka. Babu wa babu yake aliletwa Uganda na ngoma ya jeshi, mpagazi wa vita, mzigo kichwani. Baba yake alizunguka akitafuta riziki. Katika ukoo wao mtu husafiri akitumwa, na mzigo wa njiani haukataliwi. Mjomba Abdul-Karim alipokea furushi la mgeni usiku wa kuamkia safari. Hakufika. Hakurudi.

"Mjomba wako bado anabeba," bibi Sumayiya alimnong'oneza asubuhi ile. "Usiende, mjukuu wangu."

Rukiah akachukua begi, akakata njia nyuma ya mabaa. Muziki ukazimika.

Harufu ya jasho... na baruti.

Tu. Tu. Tu.

Vishindo vya miguu mingi. Mtu mmoja.

Alisimama mbele yake, shingo imepinda, furushi la ngozi juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba.

"Unasafiri," akanong'ona. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

"Kila msafiri ametumwa. Pokea."

Akalitua furushi, akamnyooshea. Ndani yake kitu kilishusha pumzi.

Mikono ya Rukiah ikainuka, yote miwili, kama alivyofundishwa kupokea kwa adabu. Akaikunja ngumi. Akaificha mgongoni.

"Safari hii ni yangu, babu. Nakwenda kwa sababu nataka kuona. Vita viliisha zamani. Nawe tua!"



Kisha muziki ukarudi kwa kishindo. Njia ilikuwa tupu.

Kesho yake, basi lilipoipita Mubende, Rukiah alifungua zipu atoe mtandio.

Juu ya nguo zake kulikuwa na ngata.

Imelowa jasho. Ina joto, kama imetoka kichwani sasa hivi.

Akasukuma dirisha, akaitupa.

"Sibebi!"

Abiria wakageuka. Yeye akatazama nyuma. Kando ya lami mtu alisimama mbele ya ngata ile, shingo imepinda. Alimjua kwa picha ya sebuleni. Mjomba Abdul-Karim.

Hakuinama kuiokota.

Bado.

Rukiah akageuka mbele, kuelekea milimani. Shingo ilianza kumuuma. Hakuishika.