Mkwe Mwenye Benki

Msumari wa kibanda cha vitunguu ndio uliowakutanisha. Selorm Agbeko alikuwa akipenya katikati ya soko la Lushoto, siku ya gulio, suti ya kijivu mwilini, viatu vyeusi vikiteleza kwenye majani ya kabichi. Msumari ukamnasa begani. Chwaa!

"Mungu wangu! Koti changu kimeumia!"

Mwanamke aliyeketi kwenye cherehani akacheka mpaka akashika mbavu. "Koti haliumii, kaka, linachanika. Lete nilishone."

"Nina hotuba sasa hivi, dada."

"Basi vua upesi. Au hiyo benki yenu haifunguliwi bila koti?"

"Umejuaje kama mimi ni wa benki?"

"Nani mwingine avae suti kwenye matope haya?"

Jina lake Elinuru Shemhilu. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa kiunoni kama alizaliwa nalo. Selorm alisimama na shati lake jeupe katikati ya wauza karoti, akitazama vidole vya yule dada vikikimbia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kuchelewa kazini.

Kazi ndiyo iliyomlea. Alizaliwa Ho, Ghana, baba yake dereva wa lori. Alianza kama karani wa dirishani, akapanda ngazi hadi umeneja, akahamishiwa Lomé, kisha Nairobi, na sasa alikuwa Dar es Salaam, mkurugenzi wa benki yake kwa Afrika Mashariki nzima. Tawi la Lushoto lilikuwa wazo lake. Wenzake walisema milimani hakuna biashara. Yeye alibishana nao mpaka wakakubali.

Baada ya siku ile simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula bada."

"Bada ni nini?"

"Ugali wa muhogo, wewe mtu wa suti!"

"Hata kwetu tunao unaofanana na huo. Ukija Ho utajiona uko nyumbani."

"Nani kakuambia nakuja?"

"Moyo wangu."

"Basi uambie moyo wako upunguze mwendo. Huku kwetu kona ni nyingi."

Elinuru alimpeleka kijijini Kwai kwa mama yake, Mama Scholastica, mjane aliyefuga ng'ombe wa maziwa. Selorm aliinama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako hakijaiva, lakini adabu unayo."

Mama akampenda. Akawazungukia akina mama wenzake wa Kwai, nyumba kwa nyumba, akiwaambia watoe akiba zao chini ya magodoro. "Mkwe wangu ndiye mwenye benki," alisema kwa fahari. "Wekeni bila hofu." Nao wakaweka, kwa sababu ni yeye aliyesema. Timotheo, kaka yake Elinuru, akapata kazi ya ulinzi pale pale tawini.

Mwaka uliofuata makao makuu yakaamua kufunga matawi madogo, la Lushoto likiwamo. Selorm alipinga. Akaambiwa kwamba nafasi ya juu kabisa, ile ya kuongoza benki nzima kutoka Accra, haipewi mtu mwenye huruma za kijiji. Akatia saini. Na katika majuma yote yaliyofuata alimpigia Elinuru kila jioni, wakacheka, wakaitana mpenzi, asimwambie neno.

Elinuru aliisikia habari hiyo sokoni, kwa muuza viazi.

"Ulijua?" aliuliza kwenye simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Elinuru, nilikatazwa kusema..."

"Na mimi je? Jana ulikuwa unaniuliza harusi tufanye mwezi gani, huku unajua Timotheo hana kazi!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi umenipoteza."

Akakata. Tangu hapo hakupokea simu yake tena.

Hakuna aliyedhulumiwa akiba yake, ila kuifuata ilibidi kuteremka mpaka Korogwe, nauli juu ya nauli. Akina mama wa Kwai wakamnunia Mama Scholastica. Wakimkuta njiani wanatazama pembeni. Wengine walinong'ona kwamba alilipwa na mkwewe ili awadanganye. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani. Alianza kukaa ndani. Jioni alimuuliza bintiye, "Yule kijana hajapiga?" Elinuru alijibu hajapiga, ingawa simu ilikuwa inaita mfukoni mwake.

Mvua za masika zilipoanza, Mama akafariki.

Selorm alipata habari kwa Timotheo, akafika siku ya kuanua matanga. Hakuvaa suti. Alisimama uani mbele ya akina mama waliojifunga kanga.

"Mama huyu hakuwadanganya," alisema. "Alisema aliyoyaamini. Mimi ndiye niliyesaini kufunga, na sikumwambia. Kama kuna wa kununiwa, ni mimi."

Bibi mmoja akajifunika uso kwa kanga, akaanza kulia, na wengine wakafuata.

Elinuru alimfuata nyuma ya zizi. Walishikana, wakalia pamoja.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Na wewe unisamehe. Mama alikuulizia, nikamficha."

"Nimeteuliwa kwenda Accra," Selorm alisema. "Twende wote, nikuoe. Nakuomba."

"Ungeweza kukaa hapa?"

Ukungu ulikuwa unashuka juu ya mashamba ya kabichi.

"Sijui kazi nyingine, Elinuru."

"Najua. Wala sikulaumu." Akamshika shavu. "Nakupenda, Selorm. Lakini kila utakaporudi kutoka kazini nitakuwa nakutazama machoni kutafuta unachonificha. Nitazeeka hivyo. Sitaki."

Selorm hakumbembeleza. Alimbusu viganja, kimoja kimoja, akaenda kuwaaga wazee, akaingia kwenye gari. Likashuka kuelekea Soni, muungurumo wake ukimezwa na ukungu.

"Mgeni yuko wapi?" shangazi aliuliza jikoni. "Nimemwekea chakula."

"Ameondoka, shangazi."

Elinuru alikaa kwenye kigoda, akaivuta ile sahani. Tangu mazishi alikuwa hajaweza kumeza kitu. Wali ulikuwa umeshapoa. Akala polepole, machozi yakimdondokea mkononi, mpaka akaumaliza.